Daftari za Wasichana

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao Isikizya twajua kuwa njia ya misafara itokayo pwani ilipita Tabora. Karibu na mji huo, pale Kwihara, Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872, akiandika habari za kila siku. Katika daftari lake yumo Halima, mpishi wake: aligombana na mwenziwe akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake, akangoja nje aambiwe tu aingie. Maneno hayo ni ya Livingstone. Ya Halima mwenyewe hatunayo.

Si kwamba wasichana hawakuweza. Unguja, Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake.

Huko Marekani, Charlotte Forten, msichana mweusi wa miaka 16, alianza daftari lake mwaka 1854, alipokuwa akisoma mjini Salem. Mwaka ule Anthony Burns, mtumwa aliyetoroka, alikamatwa Boston akarudishwa utumwani, na Charlotte akaandika uchungu wake siku zile zile. Kwa hiyo uchungu huo twausoma hata leo.

Basi, sisi walimu tumpapo msichana daftari la hesabu, tumpe na la pili, la habari zake mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maisha ya mtu ni mali.