Pedi Bila Kuomba

(Muziki wa kipindi unashuka taratibu.)

Leo tunazungumza jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: pedi. Baba, usizime redio. Una binti, kwa hiyo linakuhusu.

Pedi za Kotex zilianzia vitani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wauguzi waliokuwa Ufaransa waliona kwamba bendeji za majeruhi zilizotengenezwa kwa nyuzi za miti zinanyonya damu vizuri kuliko pamba. Wakaanza kuzitumia siku zao za hedhi. Vita vilipokwisha, kampuni ya Marekani iliyotengeneza bendeji hizo ikaanza kuuza pedi za Kotex, mwaka 1920. Lakini wanawake waliona haya kumwomba muuzaji mwanamume. Basi madukani pedi zikawekwa juu ya meza, na kando yake kisanduku cha fedha. Mama anatumbukiza hela, anachukua, anaondoka bila kusema neno.

Tangu zamani hizo, basi, ilijulikana kwamba kati ya msichana na pedi kuna vikwazo viwili. Cha kwanza ni bei. Cha pili ni kuomba.

Kisanduku kiliondoa kuomba, bei ikabaki. Karibu miaka mia ikapita. Mwaka 2016, katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, viongozi wa wanafunzi walianzisha mpango wa kuweka pedi za bure ndani ya vyoo vya majengo ya chuo. Hoja yao ilikuwa nyepesi: karatasi ya chooni hatuiombi kwa mtu, kwa nini tuombe pedi?

Mwaka 2017 jirani zetu Kenya walipitisha sheria ya kuwapa pedi bure wasichana wa shule za umma. Lakini ilikuwa sheria ya elimu ya msingi. Dada aliyefika chuo kikuu hakuwemo.

Agosti 2018, serikali ya Uskoti ilitangaza pauni milioni 5.2 ili pedi zipatikane bure katika shule, vyuo na vyuo vikuu vyote. Kisha, Novemba 2020, bunge lao likapitisha sheria iliyopelekwa na mbunge Monica Lennon, bila kura hata moja ya kuipinga. Sheria hiyo haisemi tu pedi ziwepo. Inasema zipatikane kwa urahisi na kwa heshima, na kwamba watumiaji waulizwe kwanza: mnataka za aina gani, na ziwekwe wapi?

Sasa turudi nyumbani. Je, wajua kwamba sisi wakimbizi tuliahidiwa mapema kuliko wanafunzi hao? Mwaka 2001, UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Mojawapo ilikuwa kuwapa wanawake na wasichana vifaa vya hedhi kama utaratibu wa kawaida.

Nilipokuwa kidato cha pili, siku moja ya mgao niliitwa jina kwa sauti, nikakabidhiwa pakiti yangu wazi mbele ya wavulana wa darasa letu. Mgao uliofuata sikwenda. Nilikata kanga ya mama. Pedi zilikuwepo, tena za bure. Kilichonishinda ni kupita mbele ya watu.

Ndiyo maana nimewasimulia habari za vyuo vya mbali. Bure ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki haihitaji mamilioni ya pauni: ni kabati ndani ya choo cha shule, na mwalimu wa kike wa kulijaza. Mkutano wa kamati za wanawake ukifika, dada zangu, msiulize tu pedi ni ngapi. Ulizeni pia zitawekwa wapi.

Nanyi akina kaka, siku ya mgao mkituona, tazameni kando.



(Muziki unapanda.)