Ooku ya Chiyoda: picha za mbao zilizofungua milango ya wanawake wa kasri la Edo

Mwaka 1894 mchapishaji Fukuda Hatsujiro wa Tokyo alianza kutoa mfululizo wa picha za rangi, zilizochapwa kwa vibao vya mbao, ambazo miaka 30 tu kabla ya hapo zingeweza kumtia mtu pingu. Zilionyesha wanawake walioishi nyuma ya kuta za kasri la Edo, makao ya mashoguni wa ukoo wa Tokugawa: wakitazama maua ya mcheri, wakicheza kwenye theluji, wakipanga vinyago vya sikukuu ya Machi 3, wakifanya mazoezi ya naginata, silaha yenye mpini mrefu na ubapa uliopinda. Mfululizo huo uliitwa Chiyoda no Ooku, yaani Ooku ya Chiyoda, Chiyoda likiwa ni jina jingine la kasri hilo. Uliendelea hadi mwaka 1896 na kufikia seti zipatazo 40, nyingi zikiwa za karatasi tatu zinazowekwa ubavu kwa ubavu ili kufanya picha moja pana. Mchoraji wake alikuwa Yoshu Chikanobu.

Neno ooku humsumbua mfasiri. Herufi zake mbili zina maana ya "ndani kuu". Wengi hukimbilia neno harimu, nalo hupotosha, kwa kuwa humfanya msomaji afikirie kitanda cha mtawala peke yake, ilhali wengi wa wanawake wale hawakuwa na uhusiano wowote wa unyumba naye. Walikuwa makatibu, washonaji, wapishi, wachota maji na walinzi wa moto. Pengine lililo karibu zaidi ni lile ambalo watu wa Lamu hulitumia kwa chumba cha mwisho cha nyumba ya mawe: ndani, pale ambapo mgeni wa kiume hafiki.

Kasri lenyewe liligawanywa sehemu tatu. Mbele kulikuwa na ofisi za serikali na kumbi za mapokezi. Katikati, makao ya shoguni. Na nyuma ya ukuta, ooku. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu palikuwa na ujia uliofungwa kwa mlango, na shoguni alipotaka kupita, kengele ilipigwa. Kanuni za kwanza za kuitenga ooku zilitolewa mwaka 1618, enzi ya shoguni wa pili, Hidetada. Aliyeipa sura yake kamili ni Kasuga no Tsubone, mama mnyonyeshaji wa shoguni wa tatu, Iemitsu, mwanamke ambaye hadi alipofariki mwaka 1643 alikuwa na sauti kuliko mawaziri wengi.

Aliyeingia alitia saini kiapo cha kutosimulia nje aliyoyaona ndani. Vyeo vilikuwa vingi na vilipangwa kwa ukali, lakini mpaka mkubwa ulikuwa mmoja: kati ya wale walioruhusiwa kuonekana mbele ya shoguni na wale wasioruhusiwa. Binti wa mfanyabiashara wa mjini aliweza kuajiriwa katika ngazi za chini, akajifunza mwenendo na maandishi, kisha akarudi kwao akiwa mchumba wa thamani kubwa. Wanawake wazee wa ngazi ya juu walisimamia fedha, zawadi na maombi, na mabwana wa majimbo waliwabembeleza ili jambo lao lifike masikioni mwa shoguni. Hata suria wa mtawala alikuwa na ukomo wake, kwani desturi ilimtaka ajitenge na chumba cha kulala akifikisha miaka 30. Shoguni alipofariki, wajane wake walikata nywele na kuishi maisha yaliyobaki wakimwombea.

Kwamba kuta hizo hazikuwa pambo, kisa cha Ejima kinatosha kuonyesha. Mwaka 1714 Ejima, mwanamke wa cheo cha juu aliyemtumikia Gekkoin, mama wa shoguni mtoto Ietsugu, alitumwa kuzuru makaburi ya ukoo kwa niaba ya bibi yake. Baada ya ibada alipitia ukumbi wa mchezo wa kabuki, akachelewa kurudi langoni. Aliyeshtakiwa pamoja naye ni mwigizaji mashuhuri, Ikushima Shingoro. Mwigizaji alipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Miyake, ukumbi wa Yamamura ukafungwa moja kwa moja, kaka yake Ejima akauawa, na Ejima mwenyewe akahamishiwa Takato, milimani, alikoishi hadi alipofariki mwaka 1741. Ni adhabu nzito mno kwa alasiri moja ya kutazama maigizo, na wanahistoria wengi huona nyuma yake ugomvi wa makundi mawili ndani ya ooku, moja likitafuta namna ya kulivunja jingine.

Wachoraji nao walijua mpaka wao uko wapi. Kulichora kasri la shoguni aliyeko madarakani lilikuwa jambo lililopigwa marufuku. Mwaka 1804 Kitagawa Utamaro, bingwa wa picha za wanawake, alifungwa pingu siku 50 kwa kuwachora Toyotomi Hideyoshi na wanawake wake, ingawa Hideyoshi alikuwa amekufa tangu mwaka 1598. Kuanzia mwaka 1829 mwandishi Ryutei Tanehiko na mchoraji Kunisada walitoa hadithi yenye picha iliyohamisha kisa cha kale cha Genji katika enzi nyingine, na wasomaji wakanong'ona kwamba anayelengwa ni shoguni Ienari, baba wa watoto zaidi ya 50. Mwaka 1842 kitabu hicho kilipigwa marufuku na vibao vyake vikachukuliwa. Kwa zaidi ya karne mbili, basi, watu wa Edo waliishi chini ya kasri lile bila kuona sura ya maisha ya ndani yake isipokuwa kwa mafumbo.

Chikanobu hakuwa mtazamaji wa pembeni. Alizaliwa mwaka 1838 katika familia ya samurai waliowatumikia mabwana wa Takada, na mwaka 1868, dola ya Tokugawa ilipoanguka, alichukua silaha upande wa walioshindwa. Alikuwa na kikosi cha Shogitai kilichosambaratishwa kwa siku moja kwenye kilima cha Ueno. Kisha akaenda hadi Hakodate, kaskazini, ambako wafuasi wa mwisho wa Tokugawa walisalimu amri mwaka 1869. Baadaye ndipo alipoishi Tokyo kwa kalamu ya brashi. Katika miaka ya 1880 alipata jina kwa kuchora kasri la aina nyingine kabisa: malkia na mabibi wa enzi ya Meiji wakiwa wamevaa magauni ya Kizungu, katika picha moja ya mwaka 1887 wakishona kwa cherehani.

Wanawake wa ooku halisi walikuwa wametawanyika. Ngome ilipokabidhiwa kwa jeshi la mfalme mwaka 1868, wajane wawili wa mashoguni waliandika barua za kuuombea ukoo huo usiangamizwe: Tenshoin, na Kazunomiya, aliyekuwa dada wa mfalme aliyetangulia. Ukoo ulisalimika, kasri likawa makao ya mfalme. Kazunomiya alifariki mwaka 1877, Tenshoin mwaka 1883. Lakini wahudumu wao wengi waliendelea kuishi mjini, na kile kiapo cha siri hakikuwa tena na wa kukisimamia. Mwaka 1892 kilichapishwa kitabu kilichokusanya kumbukumbu za watu walioyajua maisha ya kasri, na miaka miwili baadaye picha za Chikanobu zikaanza kutoka.

Je, ziaminiwe? Katika mavazi, mitindo ya nywele na mpangilio wa sherehe za mwaka, watafiti huzitumia kama ushahidi wa kuheshimiwa. Katika hali ya moyo, mimi ningekuwa mwangalifu. Mchoraji hakuwahi kuingia katika vyumba anavyovionyesha. Alichora akiwa na zaidi ya miaka 50, katika mji uliojaa reli na taa za gesi, mwaka uleule Japani ilipoingia vitani na China na maduka ya picha yakajaa meli na mizinga. Ooku yake ni ya amani daima. Hasira, ugonjwa na uchovu wa mchota maji havina nafasi kubwa humo, na watoto wachanga wa kasri, ambao wengi wao walikufa kabla ya kukua, hawaombolezwi. Ni kumbukumbu ya mtu aliyeshindwa vita, akiirudishia nyumba ya mabwana zake utulivu ambao huenda haikuwa nao.

Kazi ya mikono iliyomo lakini haina ubishi. Mchoraji alitoa mchoro wa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaubandika kifudifudi kwenye kibao cha mcheri na kuchonga hadi mistari tu ikabaki imeinuka. Kisha kila rangi ikachongewa sehemu yake. Alama mbili zilizokatwa ukingoni mwa kibao zilihakikisha karatasi inakaa palepale kila mara. Mchapaji alipaka rangi ya maji, akalaza karatasi ya forosadi, akaisugua mgongoni kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Pale ambapo kimono jeupe linaonekana kuwa na maua yasiyo na rangi, amekandamiza kibao kikavu hadi karatasi ikainuka. Ajabu hiyo haionekani vizuri kwenye skrini ya simu. Inahitaji mwanga wa upande.

Mwanga huohuo ndio adui. Nyekundu na zambarau za wakati huo nyingi ni rangi za kiwandani zilizoletwa kutoka Ulaya, na baadhi hufifia upesi, hivyo makumbusho huzitoa picha hizi kwa muda mfupi na kuzirudisha gizani. Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani imeweka nakala zake kwenye intaneti.

Jengo lenyewe la ooku liliungua mara kadhaa, na baada ya moto wa mwaka 1863 kasri kuu halikujengwa tena. Mahali pake leo ni uwanja wa nyasi ndani ya Bustani za Mashariki za Kasri la Kifalme, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1968, karibu na msingi wa mawe wa mnara wa zamani. Kuingia ni bure, isipokuwa kwa kawaida bustani hufungwa Jumatatu na Ijumaa.