Mifupa ya Chombo Kikunjwacho

Fundi wa pwani aundaye jahazi hutembea msituni macho yake yakiwa juu ya matawi, na akiliona lililopinda kwa tabia yake mwenyewe hulikata likawa taruma, kwa kuwa mti uliokua na pindo lake hauna haja ya kulazimishwa. Aundaye kayaki ya kukunjwa ana shughuli ya namna nyingine, maana chombo chake sharti kiwe chombo kikiwa majini na kiwe mzigo kikiwa njiani. Hivyo katika kuchagua kitu cha kufanyia kiunzi hatangulii kuuliza kipi kina nguvu, bali huuliza kipi kitakubali kuunganishwa asubuhi na kufumuliwa jioni, mara mia na zaidi, pasipo maungio yake kulegea.

Watu wa Aktiki, wenye asili ya kayaki, hawakuwa na wasaa wa kuchagua. Nchi yao haioti miti mirefu, na mbao walizozipata ni zile zilizochukuliwa na mito ya mbali, zikaelea baharini na kutupwa ufuoni. Zilipokosekana, mfupa wa nyangumi ulishika mahali pake. Msumari hawakuutumia. Mataruma yalilainishwa, yakapindwa, yakafungwa kwa kanda za ngozi, kisha wanawake wakashona juu yake ngozi ya sili kwa mshono ambao sindano haikuipenya ngozi hadi upande wa pili. Wenyeji wa visiwa vya Aleuti wao waliufanya mkuku wa vipande vitatu vilivyounganishwa, ili chombo kinyumbuke pamoja na wimbi badala ya kushindana nalo. Mtu wa Lamu aliyepata kusikia habari za mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, hana haja ya kufafanuliwa faida ya jambo hilo.

Lakini kunyumbuka si kukunjwa. Kukunjwa kulizaliwa Ujerumani, na nathubutu kusema kwamba aliyekuzaa ni garimoshi. Mwaka 1905 Alfred Heurich, mwanafunzi wa usanifu majengo, alishuka mto Isar karibu na Munich katika chombo alichokiunda mwenyewe kwa fito za mianzi na kitambaa cha tanga, na mwaka uliofuata akakipatia hataza kwa jina la Delphin, yaani pomboo. Kilipofumuliwa kiliingia katika mifuko mitatu, na hapana hata mmoja uliofikia uzito wa kilo 5. Mto uporomokao kutoka milimani haupandiki kwa kafi. Atakaye kuushuka hana budi apande kwa njia nyingine, na njia ilikuwa reli, nayo reli haina nafasi ya kuweka mashua baina ya abiria. Kimo cha mfuko ndicho kilichoamua urefu wa fito, si mto.

Mwanzi ulikuwa chaguo la haki kwa mwanafunzi: ni mwepesi, u wazi ndani, hupinda na kurudi, na bei yake haimtishi mtu. Aibu yake hujulikana na kila aliyeutoboa. Tia keekee katikati ya pingili kavu, na kabla tundu halijatokeza upande wa pili utasikia mlio mdogo kama wa njugu ivunjwayo, na ufa utakuwa umekwisha kukimbia hadi kwenye kifundo. Mwenye busara huutoboa karibu na kifundo, au kwanza huuzungushia uzi uliokazwa huku na huku mwa tundu. Fauka ya hayo, hapana mianzi miwili iliyo sawa kwa unene, hata ufito wa chombo hiki ukatae kuingia katika kikuku cha kile. Na mwenye karakana hawezi kuuza kitu ambacho kipande chake kikivunjika hakipatiwi badala.

Haki za kukiunda chombo hicho alizinunua Johann Klepper wa Rosenheim mwaka 1907. Huyu alikuwa fundi cherehani, na mimi sioni ajabu, kwa kuwa kayaki ya kukunjwa ni vazi kabla ya kuwa mashua: mshono ukivuja, kiunzi kizuri chafaa nini? Kiwanda chake kilisifika kwa makoti ya mvua pia. Kwa fito ndefu kilitumia mti wa eshi, ambao Wazungu huufanyia mipini ya shoka, kwa kuwa nyuzi zake ndefu hupokea pigo na kulirudisha; kwa mataruma kilitumia plaiwudi ya betula, ambayo tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, hata ufa ukianza hauna njia ya kukimbilia. Ubaya wa eshi ni kwamba huoza upesi, na mwenye uvivu wa kuupaka vanishi hulipia uvivu wake.

Vyombo hivi vya mito vilifika baharini. Franz Romer alivuka Atlantiki katika kayaki ya Klepper mwaka 1928, akapokewa kwa shangwe, kisha akaendelea na safari akapotea katika tufani. Hannes Lindemann, daktari, alivuka kwanza kwa mtumbwi wa gogo aliouunda huko Liberia. Mwaka 1956 akarudia kwa kayaki ya kukunjwa yenye urefu wa mita 5 na kidogo, kutoka visiwa vya Kanari hadi Saint Martin, siku 72, na njiani ikapinduka naye. Gogo moja lisilo na kiungo, na fito zilizochomekwa kwa mkono, vyote vilimfikisha ng'ambo. Anayedai kwamba kiungo ni udhaifu na ajibu hilo.

Baada ya vita vikuu vya pili alumini ilianza kuuondoa mti. Warusi waliunda Taimen kwa mabomba ya duralumini, na kiwanda cha Feathercraft cha Vancouver kikajipatia jina kwa viunzi vya alumini. Bomba lake ni sawasawa na mwenzake, haliozi, na kiungo chake ni bomba jembamba ndani ya nene. Walakini chumvi huingia katika upenyo huo, ikakauka, ikala madini, na chombo kilichoachwa msimu mzima bila kufumuliwa hakifumuki tena; utavuta hata viganja viote malengelenge. Sifa iliyochaguliwa kwa ajili ya kufungua huwa kufuli.

Basi aundaye nyumbani leo huchanganya: mabomba ya alumini kwa fito, na mataruma ya plastiki nyeupe ile ile ya vibao vya kukatia nyama, isiyonywa maji wala kushikana na chumvi, nayo hukatika kwa msumeno wa kawaida. Utamkuta katika duka la vyombo vya jikoni, futi mkononi, akipima unene wa vibao kimoja baada ya kimoja, mkoba wake mrefu ukiwa begani; na mabomba aliyoyanunua jana tayari ameyakata kwa urefu wa mkoba huo.