Kibuyu, Jina na Majira: Amana za Wazazi Waliofariki katika Nchi ya Wakipsigis

Mtu apitaye Silibwet, katika nchi ya Bomet, huona majani ya chai yakichumwa mwaka mzima. Jambo hilo laonekana dogo, lakini limegusa hata namna ya kuwakumbuka wazazi waliofariki. Kabla ya chai, zao kuu la nchi hiyo lilikuwa wimbi, na zao hilo lina majira yake: huiva kwa wakati wake, na kwa kuiva kwake huwakusanya watu.

Amana aliyoiacha mzazi wa Kikipsigis haikuwa kitu cha kutazamwa tu. Sotet, yaani kibuyu cha mursik, kilidumu kwa sababu kilishughulikiwa: kilisuguliwa kwa sosiot, kijiti cha ukuti wa mtende, kikapakwa ndani makaa ya mti wa senetwet, ndipo maziwa yakatiwa yagande. Kibuyu kilichoachwa bila kazi hupoteza harufu yake, na pamoja nayo hupotea alama ya mikono iliyokitunza.

Ndivyo lilivyokuwa jina pia. Mtoto alipozaliwa, majina ya marehemu wa ukoo yalitajwa moja baada ya jingine, na lile lililotajwa mtoto akapiga chafya likawa kurenet, jina la roho iliyomrudia. Kwa hiyo amana kubwa kuliko zote haikufungiwa sandukuni, bali ilitembea na kuchunga ng'ombe.

A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na asili, aliieleza ibada ya mavuno iitwayo kipsunde. Mwenye shamba alikwenda na binti zake kuchuma nafaka ya kwanza; uji uliopikwa kwa nafaka hiyo ulipakwa kutani na paani, na kidogo kikatemwa kuelekea mashariki, lichomozako jua. Kwa hiyo nyumba ile ile iliyojengwa na wazee ililishwa kwanza. Shamba lenyewe ndilo lililoitangaza siku, hapakuhitajiwa kalenda.

Yafaa kukumbuka kwamba utunzaji wa namna hiyo hutaka watu wakae mahali pao. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Walaibon, na watu wa ukoo wa Talai wapatao 700 wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Kibuyu chaweza kubebwa, lakini mabwaita, madhabahu ya nyumbani iliyosimamishwa nje ya mlango, haibebeki. Hata kilichobebeka hakikusalimika. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, zilikaa Uingereza karne nzima, zikarudishwa mwaka 2006. Sasa zimo katika makumbusho ya Nandi Hills. Zimerudi nyumbani, lakini hazikurudi mikononi.

Chai ilianza kulimwa Kericho kwa biashara katika mashamba makubwa ya miaka ya 1920, na baada ya mamlaka ya chai ya wakulima wadogo kuundwa mwaka 1964 ikaenea katika viunga vya wenyeji. Ilileta karo na mabati. Lakini mmea uchumwao kila mara hauna siku ya kwanza wala ya mwisho. Huko Bomet kuna kiwanda cha chai kiitwacho Kapkoros, jina lenye maana ya mahali pa kumtolea Asis sadaka. Neno limebaki, majira yake yamekwenda.

Kwa hiyo kisa cha nchi hii chafundisha kwamba kumbukumbu haitunzwi na kitu peke yake, bali na kitu pamoja na siku yake. Mwana wa Silibwet aliyerithi kibuyu cha mamaye hana budi kujiwekea siku hiyo mwenyewe, maana shamba halimwiti tena.