Mikusanyo ya Hip Hop ya Kiswahili na Soko la Kariakoo

Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitungwa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, lakini hayakupata kitabu chake yenyewe mpaka mwaka 1940, W. Hichens alipoyatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka. Kwa muda mrefu kabla ya hapo yalikaa vifuani mwa watu. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, ambaye aliyakusanya na kumfikishia mmisionari W. E. Taylor, naye akayaandika. Kama si mikono hiyo mitatu, Muyaka angalikuwa leo jina tupu, au asingalikuwa hata jina. Walakini mkusanyaji si mtungaji. Yeye huchagua na huacha. Hupanga hili mbele na lile nyuma. Na mwisho hutia jina juu ya jalada, jina ambalo pengine mtungaji mwenyewe hakulisikia maishani mwake.

Jambo hilo lafaa kutangulizwa kabla ya kusimulia habari za ushairi mwingine wa Kiswahili, uliozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 20, ambao nao humfikia mwanafunzi wa historia kwa mikono ya wakusanyaji zaidi kuliko kwa mikono ya watungaji. Ni ushairi unaoghaniwa kwa kasi juu ya mapigo ya mashine, na wenyewe huuita hip hop. Chimbuko lake ni mitaa ya watu weusi na wahamiaji wa New York katika miaka ya 1970. Bandari yake katika Tanzania ilikuwa kanda ya kaseti, na soko lake lilikuwa Kariakoo.

Mtu ashukaye Barabara ya Morogoro kutoka Magomeni huvuka bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, mahali panapofurika maji kila masika yakizidi, kisha hupanda na kuingia mitaa ya Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapo huuzwa kila kitu kiuzikacho, na muziki haukukosa kuwamo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi za dansi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilifyatuliwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikaziba. Kilichobaki ni kanda. Kanda haikutaka kiwanda: ilitaka redio mbili za kaseti, waya, na umeme usiokatika kwa dakika sitini.

Ndipo vikapata nguvu vibanda vya kurekodi. Mteja alikuja na orodha ya nyimbo, au alikuja mikono mitupu na kusema tu kwamba ataka nyimbo zilizopamba moto; mwenye kibanda akamkusanyia, upande wa kwanza na upande wa pili, akaandika majina ya nyimbo kwa kalamu juu ya karatasi ya kasha. Hakuna aliyemwomba mtungaji ruhusa. Sheria ya hakimiliki ilikuwako tangu mwaka 1966, lakini haikuwa na meno; sheria mpya yenye kuanzisha chama cha kusimamia haki hizo ilipitishwa mwaka 1999. Wizi huo, maana wizi ulikuwa, ulikuwa pia shule. Televisheni haikuwako Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, na redio ilikuwa moja, ya serikali. Kijana wa Jangwani au Ilala aliyetaka kujua Wamarekani weusi wanaghani nini alijua kwa kanda ya mchanganyiko iliyonakiliwa kutoka kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kwa kanda nyingine, na kila nakala ikizidi ukungu wa sauti kuliko mama yake. Mwenye kibanda hakujiita mkusanyaji, wala hakuna aliyemwandika katika historia ya sanaa. Hata hivyo yeye ndiye aliyeamua kizazi kizima kisikie nini.

Huko Marekani mikusanyo ilikuwa na sababu nyingine. Kampuni ndogo zisizofungamana na makampuni makubwa hazikuwa na fedha za kumtengenezea kila msanii albamu yake. Kwa hiyo ziliwaweka kumi au kumi na tano pamoja katika sahani moja, gharama wakagawana, na msikilizaji aliyemfuata mmoja akawajua wengine bila kutarajia. Mwaka 1995 kampuni ya Bomb Hip-Hop ya San Francisco ilitoa Return of the DJ, mkusanyo usio wa waghani bali wa madijei, watu wanaozirudisha santuri nyuma na mbele kwa vidole mpaka zikakwaruza na kusema lugha mpya. Mwaka 1997 kampuni ya Rawkus ya New York ikafuata na Soundbombing, wa waghani. Sanaa ya kukwaruza santuri haikupata mizizi Dar es Salaam, na sababu yake si uhaba wa vipaji. Pasipo santuri mpya na pasipo fedha za kununulia mashine mbili za kuzichezeshea, kidole hakina cha kukwaruza. Dijei wa disko za Dar es Salaam alikuwa fundi wa kanda: ujuzi wake ulikuwa kuikata na kuiunga, na kujua kwa sikio dakika gani wimbo unaanza.

Mapigo ya kwanza yalikuwa ya kuazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir, aliyejulikana kwa jina la Saleh J, alitoa kanda iliyoitwa Swahili Rap, akighani kwa Kiswahili juu ya muziki wa nyimbo za Kimarekani zilizokwisha kupendwa. Wako waliomcheka kwa kuazima. Kicheko hicho hakina haki, kwa maana washairi wa Kiswahili hawajaona haya kamwe kutia maneno mapya katika mahadhi ya zamani, na mwimbaji wa taarabu aliyechukua lahani ya filamu ya Kihindi hakuitwa mwizi. Mwaka 1993 makundi kadhaa ya mjini yaliungana kuwa Kwanza Unit, waliojiita taifa la Kwanzania na kughani sehemu kubwa kwa Kiingereza. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, ambaye baadaye alijulikana kama Mr. II na Sugu, akatoa Ni Mimi, albamu nzima kwa Kiswahili. Redio za watu binafsi zilikuwa zimekwisha kufunguliwa, Radio One ikiwa miongoni mwa za kwanza mwaka 1994, na watangazaji vijana wakazipeleka nyimbo hizo hewani. Studio kama vile Mawingu, kisha MJ na Bongo Records, zikaanza kutengeneza mapigo ya nyumbani.

Hapo ndipo Kariakoo iliposhika hatamu. Msanii alilipa studio kwa kila wimbo, mara nyingi kwa fedha za kukopa, na alipofikisha nyimbo za kujaza kanda alizipeleka kwa msambazaji mwenye duka katika mitaa ya soko. Msambazaji alikuwa na mashine za kunakili, karatasi za majalada, na njia za kufikisha mzigo mikoani kwa mabasi. Vijana walimwita mdosi, yaani tajiri. Malipo yalikuwa mara nyingi ya mkupuo, na idadi ya kanda zilizouzwa aliijua mwenye mashine peke yake. Kwa desturi hiyo msanii hakuwa na sababu ya kuingia katika mkusanyo. Ikiwa mkupuo ni wa kanda nzima, nani atakubali kugawana upande mmoja na watu wanane? Kwa hiyo mkusanyo, uliokuwa Marekani silaha ya wanyonge, haukustawi kwa njia halali Kariakoo. Ulistawi kwa njia ya panya tu. Kanda za mchanganyiko zisizo na jina la mtengenezaji ziliuzwa juu ya meza za barabarani karibu na duka lile lile lililouza kanda halali.

Hivyo mkusanyo rasmi wa ushairi huu uliofika mbali kuliko yote haukutoka Kariakoo. Mwaka 2004 kampuni ndogo ya Out Here, ya mjini Munich, Ujerumani, ilitoa sahani iliyoitwa Bongo Flava: Swahili Rap from Tanzania. Mwanzilishi wake, Jay Rutledge, alikuwa amekwisha kukusanya hip hop ya Afrika Magharibi kwa ajili ya kampuni nyingine ya mji huo huo. Mwaka huo huo Out Here ilitoa pia albamu ya X Plastaz, kundi la Arusha lililochanganya ughani wa Kiswahili na sauti za Kimasai. Wanunuzi waliolengwa walikuwa Wazungu wapenda muziki wa dunia. Kwa mtu wa Jangwani, ambaye wakati ule bado alisikiliza kanda, sahani hiyo ilikuwa kama barua iliyoandikwa juu yake lakini isiyotumwa kwake.

Katika jina la mkusanyo huo iko hoja inayostahili kukaliwa. Bongo ni ubongo. Mji usiokalika bila akili watu waliuita hivyo, kisha jina likaenea nchi nzima. Flava ni ladha, neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili. Jina la bongo fleva lilienezwa na watangazaji wa redio za Dar es Salaam katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, na wakati huo lilifunika kila kitu cha vijana, kuanzia mghani wa siasa mpaka mwimbaji wa mapenzi. Jalada la Munich likasema kwamba bongo fleva ndiyo rapu ya Kiswahili. Mwaka 2004 usemi huo haukuwa uongo. Ila mambo yenyewe yalikuwa njiani kubadilika. Kadiri miaka ilivyopita jina hilo lilizidi kuegemea nyimbo za mapenzi na za kucheza, na waghani wengi wakaanza kulikana, wakisema wao ni wana hip hop, na kwamba bongo fleva ni ya wengine. Basi msomaji wa ng'ambo aliyejifunza kwa jalada lile anapokuja Dar es Salaam hukuta neno halishiki tena kitu alichofundishwa. Kosa si la mkusanyaji peke yake. Yeye alipiga picha ya mtu anayetembea. Tatizo la picha ni kwamba hukaa pale pale.

Nairobi yako ya kulinganisha. Mwaka 2004 vilevile wasanii zaidi ya thelathini wa Eastlands, wengi wao wakiwa wa Ukoo Flani Mau Mau, walitoa mkusanyo wa Kilio cha Haki kwa msaada wa Waholanzi. Fedha zilikuwa za kigeni kama za Munich, lakini jina la jalada lilikuwa la Kiswahili, nalo lilitaja shauri badala ya kutaja aina ya bidhaa. Katika tofauti hiyo ndogo kuna mengi. Kariakoo ilikuwa na mashine, wauzaji na wanunuzi kuliko Eastlands. Kilichokosekana ni sababu ya wasanii kukaa katika sahani moja.

Kanda zilikufa polepole katika miaka ya 2000. Zikaja sahani, kisha zikaja kompyuta, na mwenye kibanda wa zamani akarudi akiwa kijana mwenye nyaya na kadi za kumbukumbu, anayemwingizia mteja nyimbo mia kwa bei ndogo. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, wa singeli kutoka studio moja ya Mburahati, upande wa pili wa bonde la Msimbazi. Singeli si hip hop kwa nasaba. Wazee wake ni mchiriku na taarabu ya vigodoro. Lakini humo madijei wa Dar es Salaam walipata hatimaye kidole chao cha kukwaruza: huchukua kipande cha muziki wa watu, wakakizungusha kwa kompyuta, wakakiharakisha mpaka mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, na mghani akakimbizana nacho. Jalada hilo pia lilitolewa nje ya nchi, na jina lake ni la Kiingereza. Lakini linataja studio ilikotengenezwa kazi, na studio haibadilishi maana kama neno la redio.

Mbilinyi aliingia bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya Mbeya Mjini, akakaa hata 2020. Joseph Haule, ajulikanaye kama Profesa Jay, alimfuata mwaka 2015 kutoka Mikumi. Maneno waliyosema humo yamo katika Hansard, yamepangwa kwa tarehe na kwa jina la msemaji. Maneno waliyoghani kabla ya hapo, yaliyowapa umaarufu wa kuwafikisha huko, hayakupata mwandishi wa namna hiyo. Nakala zake zinazozunguka leo mtandaoni nyingi zimetolewa katika kanda zilizochoka. Hazina jalada, hazina mwaka, hazina jina la aliyetengeneza mapigo wala la studio. Atakaye kuyajua hayo yampasa ashuke mwenyewe Kariakoo, aulize waliokuwa na mashine za kunakili, angali yupo miongoni mwao anayekumbuka.