Mtu wa Shoka Asiye na Jina: Kutoka Daraja la Waviking Hadi Moto wa Wahunzi wa Songea

Kila sizoni mpya ya Waviking ikitua mtaani, ikiwa imeshapigwa sauti ya Kiswahili na madijei wa kutafsiri muvi, kuna vitu viwili lazima uvione. Cha kwanza, masela wanasuka nywele na kunyoa pembeni. Cha pili, watu wanaanza kuulizana, "Oya, lile shoka linapatikana wapi?" Dar watu wanaagiza mtandaoni. Mfaranyaki, Songea, watu wanaenda kwa fundi wa kufua vyuma na picha kwenye simu: "Mzee, nitengenezee kama hili."

Shikamoo kwanza lakini, maana huyo mzee anayeonyeshwa picha ana historia ndefu kuliko sizoni zote ulizotazama. Na leo stori ni ya watu kama yeye. Watu wa shoka ambao hakuna aliyeandika majina yao.

JAMAA WA DARAJANI

Tuanze huko huko kwa Waviking. Tarehe 25 Septemba 1066, mfalme wa Norway, Harald Hardrada, alikutwa na jeshi la Waingereza mahali panapoitwa Stamford Bridge. Watu wake hawakuwa wamejipanga, wengine waliacha hata mavazi yao ya chuma kwenye meli. Katikati ya majeshi hayo mawili kulikuwa na daraja jembamba.

Kumbukumbu za Waingereza zinasimulia kwamba jamaa mmoja wa Norway alisimama peke yake darajani na kuzuia jeshi zima lisivuke. Wasimuliaji wa baadaye wakampa shoka mkononi, na wengine wakasema aliangusha watu 40. Mwishoni Mwingereza mmoja alipita chini ya daraja na kumchoma mkuki kutoka chini.

Mfalme Harald aliyeuawa siku hiyo anajulikana kwa jina. Mfalme wa Uingereza aliyeshinda anajulikana. Jamaa wa shoka? Hana jina mpaka leo. Na yule aliyemfulia shoka ndiyo kabisa, hata kwenye hadithi hayumo.

Halafu tusidanganywe na muvi. Shoka halikuwa silaha ya matajiri. Upanga ulikuwa ghali, shoka kila nyumba ilikuwa nalo kwa sababu ya kuni na kujenga. Mashoka mengi ya vita ya Waviking yalikuwa mepesi na membamba, siyo yale mazito kama nyundo ya kuvunjia mawe unayoyaona kwenye picha. Ujanja wao ulikuwa kwenye makali. Mwili wa shoka ulifuliwa kwa chuma laini, halafu pale mbele wakabandika kwa moto kipande cha chuma cha pua, kile kigumu. Chuma kigumu kilikuwa adimu, kwa hiyo hakupoteza mtu.

Yalikuwepo ya mabosi pia. Denmark kuna shoka maarufu la Mammen, lililofukuliwa kwenye kaburi la miaka ya 970, limenakshiwa kwa fedha pande zote. Hilo lilikuwa la kuonyeshea hadhi, siyo la kuchanjia kuni.

NA HUKU KWETU JE?

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Wanadhani chuma kilikuja na meli ya mzungu. Sikia hii: kule Kagera, wazee wa Kihaya waliwahi kujenga upya tanuru la kizamani mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Mwaka 1978 watafiti hao wakachapisha matokeo yao kwamba eneo lile watu walikuwa wanayeyusha chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Waviking walianza kuvuma ulimwenguni mwaka 793. Piga hesabu mwenyewe.

Kule Ufipa walikuwa na matanuru marefu kumzidi mtu, yanavuta hewa yenyewe bila mvukuto, na chuma kikitoka humo kinapelekwa kwenye tanuru dogo kusafishwa. Wakinga na Wapangwa, majirani wa Wangoni upande wa milima ya Livingstone, walisifika kwa uhunzi.

Sasa waangalie Wangoni. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, wakapanda mpaka Ufipa, ambako kiongozi wao mkubwa Zwangendaba alifariki miaka ya 1840. Wakagawanyika. Baadhi yao wakashuka mpaka nchi hii ya Songea na kujenga falme mbili, Njelu na Mshope. Walikuja na ngao za ngozi ya ng'ombe, rungu na mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu. Lakini jeshi linalotembea miaka yote hiyo halibebi tanuru kichwani. Mkuki ukivunjika, nani anafua mwingine?

Jibu ni watu waliotekwa na kuchanganywa humo humo njiani na baada ya kufika. Kufikia mwisho wa karne ya 19, wengi walioitwa Wangoni walikuwa na asili ya Wapangwa, Wabena, Wandendeule, Wamatengo na wengine. Mpiganaji alipewa sifa kwenye ngoma. Mhunzi alibaki kwenye moshi wake.

SHOKA LETU NA SHOKA LAO

Ukiyaweka pamoja utaona tofauti moja ya akili sana. Shoka la Mviking lina tundu, na mpini unapita ndani ya chuma. Shoka la kienyeji la huku kwetu ni kinyume: chuma ndicho kinachopita ndani ya mti. Fundi anachagua mti wenye kifundo kinene kichwani, anautoboa kwa chuma cha moto, kisha anapenyeza mkia mwembamba wa shoka.

Unajua faida yake? Kila ukipiga, mkia unazidi kuzama na shoka linazidi kukaza. La Mviking linahitaji kabari, na kabari ikilegea chuma kinaruka na kumpata aliye jirani. Kwa kutengeneza tundu unahitaji chuma kingi na kazi ndefu. Kwa mkia unatumia chuma kidogo. Hawakuwa washamba hao, walikuwa wanabana matumizi.

1905 NA KILICHOFUATA

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897. Miaka 8 baadaye vita vya Maji Maji vikawaka kuanzia upande wa Matumbi, na dawa ya maji ikafika Ungoni. Septemba 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Upande mmoja kulikuwa na mikuki, rungu, mashoka na magobori. Upande wa pili kulikuwa na bunduki za mtutuo. Wote tunajua ilivyoisha.

Tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye akanyongwa. Wazee na familia yake wanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha na kusema watakitafuta, ila hakuweza kuahidi kwamba kitapatikana.

Baada ya vita Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo nchi nzima yanaanzia watu 75,000 hadi 300,000. Humo ndani kulikuwa na wahunzi wangapi waliokufa na ujuzi wao? Waliobaki wakakutana na pigo jingine: majembe na mashoka ya kiwandani kutoka Ulaya. Kufikia katikati ya karne ya 20, matanuru ya kuyeyusha udongo wa chuma yalikuwa yamezimika karibu kila mahali. Kilichobaki ni kufua vyuma chakavu, na ndiyo kazi unayoiona leo. Springi ya lori imechukua nafasi ya udongo wa chuma.

LILE SHOKA LA "MAJI MAJI"

Kuna kijana mmoja wa Mfaranyaki alinunua shoka akiambiwa ni la mwaka 1905, limetoka kwa babu wa muuzaji. Lina kutu, mpini umechakaa, stori imenyooka. Akalipeleka kwa mzee anayefua vyuma ili limsaidie kulitia makali. Mzee akaligeuza mara mbili akacheka. Kwa ndani ya mkia kulikuwa na alama za grinda. Kutu ilikuwa ya rangi moja kila upande, kama mtu aliyepakwa poda. Ilikuwa springi ya gari iliyolowekwa kwenye chumvi na tindikali.

Kijana akasema potelea mbali, naye atamuuzia mtalii kwa stori ile ile. Mzee akamjibu kwamba shoka atamtengenezea, tena litakuwa zuri kuliko lilivyokuja, ila uongo wa mwaka 1905 auchukue mwenyewe, usipite kwenye moto wake.

Mzee alikuwa na pointi mbili. Moja ni ya sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya zamani, na huwezi kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo ukidanganya kwamba kitu ni cha kale, unajiingiza kwenye kesi kwa mdomo wako. Ya pili inauma zaidi: watu wanaotafuta kichwa cha babu yao kwa zaidi ya miaka 100 wataaminiwa vipi, kama mtaani kila kutu inaitwa ya Maji Maji?

UKITAKA LAKO LIWE LA MAANA

Kunakili siyo dhambi. Uza na nunua kama nakala. Ukishapata, fanya hivi:

1. Jua chuma chako. Lile la kumimina au la kung'aa la mapambo litundike ukutani, likipiga gogo linaweza kupasuka. Lililopakwa zinki kama bati usiliweke motoni, moshi wake ni sumu.

2. Pitisha tupa kwenye makali. Ikikwaruza kirahisi, chuma ni laini. Ikiteleza, ni kigumu tayari, noa tu.

3. Punguza unene taratibu huku ukichovya kwenye maji. Makali yakigeuka bluu kwenye grinda, ugumu umeshaondoka.

4. Kama ni la springi na limelainika, fundi alichome makali mpaka sumaku isishike tena, kisha ayachovye kwenye mafuta. Halafu alipashe tena polepole mpaka rangi ifike njano ya asali. Akiruka hatua hii, litavunjika kama chupa.

5. Mpini uwe wa mti mgumu uliokauka, nyuzi zake zikienda kwa urefu. Wahenga walishasema, shoka lisilo mpini halichanji kuni.

6. Na hili watu wanalisahau: mwambie fundi agonge alama yake na mwaka aliolitengeneza. Herufi mbili zinatosha.

Hiyo namba 6 ndiyo kubwa kuliko zote. Jamaa wa darajani alikufa bila jina. Waliofua mikuki ya Ungoni walikufa bila majina, na ile iliyobaki kwenye Makumbusho ya Maji Maji inasimulia habari za walioibeba. Lakini fundi wa Mfaranyaki bado yupo hai, mvukuto wake bado unapumua, na kugonga herufi mbili kwenye chuma cha moto hakuchukui hata dakika.

Haya wadau, mtaani kwenu kuna mzee anayefua vyuma? Anaitwa nani? Dondosha jina lake hapo chini, lakini muulize kwanza kama anapenda litajwe.