Masomo Yanayotafuta Anwani

Kabla ya kuwa waziri, na hata kabla ya kuongoza vyama vya wafanyakazi vya Kenya, Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika halmashauri ya jiji la Nairobi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kazi yake ilikuwa ya mchana, na masomo yake yalikuja kwa posta: alijiandikisha na Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini ili asome uchumi. Hakuwa peke yake. Makarani, walimu wa shule za msingi, watu wa reli, wengi wa kizazi kile walipanda ngazi kwa bahasha. Wengine walisoma na Wolsey Hall ya Oxford, wengine na Rapid Results College. Unapokea somo, unalisoma kwa taa ya mafuta, unaandika majibu, unatuma, unangoja.

Nimeanza na Mboya kwa sababu sisi wakimbizi wa Kampala tunaosoma kuandika programu za kompyuta usiku, baada ya kazi, tunapenda kujiona watu wa kwanza. Ati intaneti ndiyo imeleta mambo haya. Hapana bwana. Ni mambo ya zamani, na ukiyafuata toka mwanzo unaona kitu kimoja kinarudi kila mara, nacho ni anwani. Somo litamkuta mtu wapi, na jibu lake litarudi kwa jina gani?

Watu wengi huweka mwanzo Uingereza, mwaka 1840. Mwaka ule ilianza stempu ya peni moja, barua ikawa inafika popote nchini kwa bei moja. Isaac Pitman, mwalimu aliyebuni aina ya hati mkato, akaanza kufundisha kwa posta. Mwanafunzi alinakili mistari ya Biblia kwa hati mkato, akairudisha, ikasahihishwa. Sasa angalia fani yenyewe. Ni alama ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzisoma, na ukizijua unatoka kwenye kazi ya mkono unaingia ofisini. Haina maabara, haina mashine, ni kalamu tu na subira. Kama hiyo haikuwa kuandika programu kwa karne ya 19, basi sijui ilikuwa nini. Nitarudi kwenye hati mkato baadaye, maana tunajua ilivyoishia.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu wasiokanyaga madarasa yake. Jambo hilo lilifika hadi hapa kwetu, juu ya kilima cha Makerere. Kuanzia 1949 Makerere ilikuwa na uhusiano maalumu na London, na wanafunzi wake walipata digrii za London hadi 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa. Kwa hiyo hata wale wasomi wakubwa tunaowasoma vitabuni, walioketi darasani Kampala, karatasi zao zilitoka mbali. Mwaka 1967 Makerere ikaanzisha kitengo chake cha masomo kwa posta, na mwaka 1991 ikaanza kutoa digrii za nje, za biashara na za ualimu, kwa watu walio kazini. Mwaka uliofuata Tanzania ikatunga sheria ya Chuo Kikuu Huria. Kwetu Kongo, wazee wanakumbuka vijitabu vya INADES, shirika lililoanzishwa na Wajesuiti huko Abidjan mwaka 1962, lililofundisha wakulima kwa barua. Mkulima anajibu maswali juu ya mihogo na kuku, bahasha inaondoka, inarudi imesahihishwa.

Na mkimbizi alikuwa wapi katika hayo yote? Uganda imepokea wakimbizi kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wanyarwanda walimiminika baada ya machafuko ya 1959, na Nakivale ni ya zamani vilevile. Lakini sheria ya 1960 iliwaangalia wakimbizi kama watu wa kudhibitiwa, na mahali pao palikuwa kambini. Wakati Makerere inatuma masomo kwa posta, mwalimu mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kujikalia mjini anavyotaka. Sanduku la posta ni la mtu mwenye makao. Na cha ajabu, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulikuwa umeshalisema jambo hili: kifungu cha 22 kinazungumzia mkimbizi kupata masomo, vyeti vyake vya nje kutambuliwa, kupunguziwa ada, na kupewa ufadhili. Ni maneno mazuri, na yameandikwa kabla bibi yangu hajaolewa.

Sheria ya 2006 ndiyo iliyobadilisha hali Uganda. Ilitupa haki ya kutembea na haki ya kufanya kazi. Ndiyo maana leo kuna Wakongo Nsambya, Katwe na Makindye, Wasomali Kisenyi. Ila ukichagua mji, unachagua kujilisha mwenyewe. Chakula cha msaada na shamba viko kambini. Kampala una kodi ya nyumba. Mtu wa aina hii hawezi kukaa darasani saa nne asubuhi. Anashona, anapika chapati, anabeba vitenge mlango kwa mlango. Vijana wa Kikongo walipoanzisha YARID mwaka 2007, moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kufundisha Kiingereza, na walijua wanafanya nini: bila Kiingereza, hata somo likikukuta nyumbani litakupita.

Intaneti ilikuja polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makerere ilikuwa na Mukla, mfumo wa barua pepe uliopita kwenye laini ya simu. Ujumbe unakusanywa, unangoja, unatumwa kwa mkupuo. Ilikuwa posta bado, imebadilisha nguo tu. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ikaleta African Virtual University, mihadhara kwa setilaiti, na Makerere ilikuwa kati ya vyuo vya kwanza. Huko mwanafunzi alipaswa kufika kwenye chumba chenye kioo kwa saa iliyopangwa. Kwa mtu wa kazi hiyo haikuwa nafuu kubwa. Nafuu ya kweli ilianza Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipofika pwani ya Afrika Mashariki, halafu simu za mkononi zikashuka bei.

Hapo ndipo kuandika programu kulipoachana na masomo mengine, na kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Insha ya uchumi lazima isomwe na mtu. Programu inasahihishwa na kompyuta. Unaandika mistari yako, unabonyeza, mashine inakuambia papo hapo: imekataa, mstari wa 14. Haikuulizi pasipoti. Haijui kama una sanduku la posta. Kozi ya CS50 ya Harvard iliyowekwa kwenye edX mwaka 2012, na freeCodeCamp iliyoanza 2014, zote zinategemea siri hiyo: mwanafunzi mmoja au laki moja, msahihishaji hachoki. Pitman angelia.

(Neno lenyewe linatuchekesha. Vijana wanasema wanajifunza “kukodi”. Kwa Kiswahili cha siku zote kukodi ni kupanga nyumba au kuchukua gari kwa malipo. Mimi kila mwezi nafanya kukodi kote kuwili, na kumoja tu ndiko kunakotoa pesa mfukoni bila kuchelewa.)

Mimi ni fundi cherehani. Natoka kwenye karakana saa moja jioni, nakula, nangoja bando la usiku ambalo bei yake ni nafuu, halafu naanza. Jirani yangu huniuliza: “Yaya, we unasoma tu na simu kila usiku, banakulipa?” Bado, namjibu. Anacheka, tunalala.

University of the People, iliyoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009, ilikuwa na sayansi ya kompyuta kati ya digrii zake za kwanza. Haitozi ada ya mafunzo, inatoza malipo ya tathmini kwa kila kozi, na kuna misaada kwa wakimbizi. Wiki yake ya masomo inafungwa Jumatano saa tano na dakika hamsini na tano usiku kwa saa za Amerika. Kwa saa zetu ni Alhamisi asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano. Anayefanya kazi Kampala anajua thamani ya usiku huo mmoja wa ziada. Kina mama wanaujua zaidi; wao ndio wanaoanza kusoma watoto wakishalala, na ndio ninaowaona wakiacha kwanza, na si kwa uvivu.

Kuna pia programu ya MIT kwa ajili ya wakimbizi, iliyoanza kwa jina la ReACT mwaka 2017, yenye cheti cha sayansi ya kompyuta na takwimu. Kundi la kwanza lilikuwa Jordan. Aliyeianzisha, Admir Masic, ni profesa aliyekimbia Bosnia akiwa kijana na kukaa kambini Croatia. Inaonekana. Mtu ambaye hajawahi kupoteza karatasi zake hapangi mambo hivyo.

Maana anwani haijaondoka, imehama tu. Kwanza ilihamia kwenye laini ya simu. Uganda ilipokaza usajili wa laini, aliyetakiwa ni mwenye kitambulisho cha taifa, na wengi wetu tukawa tunatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine: rafiki, mwenye nyumba, wakala wa kona. Somo lako, pesa yako ya simu, namba ya siri ya kuingia kwenye akaunti, vyote viko kwa jina la mtu anayeweza kuhama kesho. Mwaka 2019 ndipo mamlaka ya mawasiliano ikakubali kadi ya mkimbizi na ile karatasi ya familia ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Katikati hapo, Julai 2018, ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na mitandao mingine, na vikundi vyetu vya kusoma viko WhatsApp. Ikaondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data. Na Januari 2021, uchaguzi ulipofika, intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa. Kozi za nje haziiti hiyo dharura. Zinaona tu kazi haijafika.

Halafu kuna vyeti. Mashine haiulizi diploma, lakini chuo kinauliza. Diploma ya serikali ya Kongo, ile ya mtihani wa mwisho wa sekondari, wengi waliiacha ndani ya nyumba inayoungua. Aliye nayo bado anapaswa kuitafsiri na kuipeleka UNEB ilinganishwe na ya Uganda. Namjua mwanamume anayeandika Python vizuri kuliko mimi, hajawahi kuingia chuo chochote, kwa sababu shule yake ya Kivu Kaskazini haina tena mtu wa kujibu barua.

Sasa hati mkato. Kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa mlango wa ofisi kwa watoto wa maskini, kisha vinasa sauti na kompyuta vikaifanya isihitajike. Leo kila mtu ananiuliza kama akili mnemba haitatufanyia vivyo hivyo. Sitaki kujidanganya. Hata kabla ya akili mnemba, Septemba 2019, Andela, kampuni iliyokuwa inafunza vijana wa hapa Kampala na kwingine kwa ajili ya kampuni za nje, iliacha watengenezaji programu wachanga wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu soko lilitaka wenye uzoefu. Ngazi ya chini ndiyo inayong'olewa kwanza, na ngazi ya chini ndiyo yetu. Kwa maoni yangu anayewaambia wakimbizi kwamba miezi sita ya masomo itawapa ajira ya dola anauza kitu asichonacho.

Lakini waliosoma hati mkato kwa Pitman hawakuwa wajinga kwa kuisoma mwaka 1840. Na programu ina kitu ambacho hati mkato haikuwa nacho: unaweza kuitumia bila kuajiriwa. Mama mmoja wa Katwe, muuza vitenge, huwapa wateja kwa mkopo, wanalipa kidogo kidogo kila wiki, na daftari lake lilikuwa limejaa mafuta ya taa na majina yaliyofutika. Kwa mazoezi ya kozi nilimwandikia programu ndogo kwenye simu, inajumlisha nani anadaiwa kiasi gani na tangu lini. Wenzake wawili nao wanaitumia. Wiki iliyopita aliniita, nikadhani imekwama. “Fundi,” akasema, “hii kitu ni muzuri, lakini fanya majina yasionekane. Simu ikiibiwa, wateja wangu watajulikana wote.” Ndiyo kazi niliyo nayo sasa: kuficha majina. Kozi haijafika kwenye somo hilo, nalitafuta mwenyewe usiku.